Redio na muziki juu ya baiskeli: namna ya kusikiliza na kufika salama

Ukimsalimia kijana anayepita na baiskeli siku hizi asiitikie, usiharakishe kusema hana adabu. Mtazame masikioni kwanza. Mara nyingi utaona nyaya mbili nyembamba zimeshuka hadi mfuko wa shati, na yeye anatikisa kichwa taratibu kwa muziki ambao wewe huusikii. Hakukudharau. Hakukusikia.

Sasa jiulize: kama hakusikia salamu ya mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwake, lori linalokuja nyuma yake atalisikia saa ngapi?

Sisi ni watu wa redio, na tunajua kwamba wengi wenu mnatusikiliza mkiwa njiani. Yuko anayepeleka maziwa mjini alfajiri. Yuko anayetoka gulioni na magunia mawili kwenye keria. Yuko mwanafunzi ambaye shule iko mbali na nyumbani. Safari ya saa mbili bila wimbo wala taarifa ya habari ni ndefu, na hatuna nia ya kumnyang'anya mtu redio yake. Ila tungependa msikilizaji wa leo awe msikilizaji wa kesho pia. Kwa hiyo katika makala haya tunaeleza kinachotokea masikioni unapoendesha baiskeli huku unasikiliza, na namna ya kupunguza hatari.

Sikio lina kazi gani barabarani?

Macho ya mwendesha baiskeli yanatazama mbele. Shimo liko mbele, ng'ombe wanaovuka wako mbele, kona iko mbele. Lakini chombo kinachotaka kukupita kinatokea nyuma, na nyuma huna macho. Dereva wa gari ana vioo vitatu vya kumwonyesha nyuma. Baiskeli nyingi hazina hata kimoja. Kioo cha mwendesha baiskeli ni sikio lake.

Sikio hilo linafanya zaidi ya kusikia tu. Linapima. Ukisikia mngurumo nyuma, bila hata kufikiri unajua kama ni pikipiki au basi, kama kiko mbali au karibu, kama kinaongeza mwendo au kinapunguza, na kama kinakuja upande wa kulia au kushoto. Habari ya upande unaipata kwa sababu una masikio mawili. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza, halafu la kushoto. Tofauti ya muda huo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaitambua.

Sikio pia ni fundi wako. Ndilo linalokwambia cheni imeanza kulia, tairi linavuja upepo, spoki imekatika, au kamba ya mzigo imelegea na gunia linasugua gurudumu. Na kama umempakia mtoto nyuma, sikio ndilo litakalosikia anapopiga kelele kwamba mguu wake umeingia kwenye spoki. Ajali ya namna hiyo inafahamika sana vijijini. Ukisimama mara moja, mtoto anaweza kuchubuka tu. Ukiendelea kukanyaga pedeli kwa sababu muziki umekujaa masikioni, mguu unaweza kuvunjika.

Muziki unazuiaje sauti nyingine?

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kuziba. Hedifoni ndogo zenye mpira laini, zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio, zinaziba sikio kama kizibo cha chupa. Hata kabla hujawasha muziki, sauti ya nje imeshapungua. Ziko pia za kisasa zilizotengenezwa maalumu kuzima kelele za nje. Hizo ni nzuri ndani ya basi au ndege. Juu ya baiskeli ndizo mbaya kuliko zote.

Ya pili ni kufunika. Sauti kubwa hufunika sauti ndogo, kama vile mashine ya kusaga inavyofunika mazungumzo ya wanaosubiri unga. Na ule mdundo mzito wa besi, ambao vijana wanaupenda, una tabia ya kumeza sauti nyingine nyingi, ukiwemo mngurumo wa injini na mvumo wa matairi kwenye lami.

Ya tatu ni kuchukua akili. Hata kama sauti ya nje imefika sikioni, akili inaweza kuwa kwingine. Penalti inapigwa, mtangazaji anapandisha sauti, na kwa sekunde chache wewe hauko barabarani tena, uko uwanjani. Mazungumzo ya simu yanachukua akili zaidi, kwa sababu hapo husikilizi tu, unatafuta na maneno ya kujibu.

Ongeza na upepo. Baiskeli ikishika mwendo, upepo unavuma masikioni na kukufanya usisikie vizuri wimbo wako. Unaongeza sauti. Ukiteremka mlima upepo unazidi, unaongeza tena. Kwa hiyo sauti inakuwa kubwa zaidi pale pale ambapo mwendo wako ni mkubwa zaidi na ungehitaji kusikia zaidi.

Hesabu ya sekunde

Tufanye hesabu ndogo. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa inakata mita 4 hivi. Maana yake basi linakukaribia kwa mita 18 kila sekunde.

Tuseme barabara ni tulivu na masikio yako yako wazi, ukalisikia basi likiwa mita 200 nyuma yako. Una sekunde 11. Huo ni muda wa kutosha kushika kushoto kabisa, kugeuza shingo, kuangalia kama kuna shimo pembeni, na hata kushuka kama barabara ni nyembamba.

Sasa tuseme muziki umefunika mngurumo, ukalisikia likiwa mita 40. Una sekunde 2. Katika sekunde 2 mtu mwenye gunia la mkaa nyuma hafanyi jambo la maana. Anashtuka. Na mtu aliyeshtuka mara nyingi anayumba, na akiyumba kulia ndiko basi liliko.

Hapo ndipo hatari ilipo hasa. Wengi hudhani kwamba mwenye hedifoni anagongwa kwa sababu hakusikia kabisa. Lakini anayesikia kwa kuchelewa naye yuko hatarini, kwa sababu honi inayompigia sikioni ghafla inamfanya ayumbe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwazunguka. Na vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo zetu. Si zote zinatokana na muziki, la hasha. Mwendo kasi, ulevi, barabara zisizo na njia ya baiskeli na magari mabovu vina sehemu kubwa. Lakini wewe huwezi kumpunguzia dereva mwendo. Sauti ya redio yako unaweza kuipunguza.

Je, hedifoni ya sikio moja inafaa?

Hili ni swali ambalo wengi hujiuliza. Jibu ni kwamba ni nafuu kuliko masikio yote mawili, lakini si salama kama masikio yakiwa wazi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, nchi ambayo karibu kila mtu anaendesha baiskeli, waliwapima waendesha baiskeli waliokuwa wakisikiliza muziki na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waliovaa hedifoni za kuziba katika masikio yote mawili ndio waliokosa sauti nyingi zaidi. Waliotumia sikio moja tu, kwa hedifoni ya kawaida isiyoziba, walisikia vizuri zaidi.

Lakini kumbuka tulichosema juu ya upande. Sikio moja likiwa na kazi nyingine, ubongo unapata shida kutambua sauti inatoka wapi. Utasikia honi, lakini utachelewa kujua ni ya nani na iko wapi. Njia panda, au sokoni penye pikipiki kila upande, hilo ni tatizo.

Kama huna budi kutumia hedifoni, basi iwe sikio moja, iwe isiyoziba, sauti iwe ndogo, na sikio lililo wazi liwe la upande wa katikati ya barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunashika kushoto, kwa hiyo magari yanakupita kulia, na sikio la kuacha wazi ni la kulia. Rwanda, Burundi na Congo wanashika kulia, kwa hiyo kwao ni la kushoto.

Redio au spika kwenye usukani

Njia ya wazee wetu ilikuwa bora kuliko tulivyofikiri. Redio ndogo ya betri ikifungwa kwenye usukani kwa mpira wa tairi iliacha masikio yote mawili wazi. Leo wengi wanatumia spika ndogo ya Bluetooth au redio ya kadi inayochajiwa kwa sola. Kanuni ni ile ile: sauti itoke mbele yako, isitoke ndani ya sikio lako.

Hata hivyo spika nayo ikifunguliwa mpaka mwisho inafunika honi kama hedifoni tu. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji chombo. Mtu akikusalimia kwa sauti ya kawaida kutoka pembeni ya njia, umsikie na uweze kumwitikia. Ukiona watu wanainua mkono tu kwa sababu wameshajua hutasikia, punguza.

Ifunge spika vizuri. Isizuie breki, isining'inie karibu na spoki za gurudumu la mbele. Kitu kikiingia kwenye gurudumu la mbele wakati baiskeli iko kwenye mwendo, gurudumu linakwama na wewe unarushwa kwa kichwa.

Wenye simu za vitochi wana shida moja ya pekee. Redio ya simu hizo mara nyingi haishiki stesheni mpaka uchomeke waya wa hedifoni, kwa sababu waya huo ndio unaotumika kama antena. Wengi wanadhani hapo hakuna njia ila kuvaa. Ipo njia. Chomeka waya, kisha ingia kwenye menyu ya redio uchague spika ya nje. Sauti itatoka kwenye simu, na waya utafanya kazi ya antena tu. Uzungushe ndani ya shati au uufunge kwenye usukani, mradi usining'inie.

Simu isikae mkononi

Kubadilisha wimbo, kutafuta stesheni na kupokea simu ni hatari kuliko kusikiliza kwenyewe. Ukiwa kilomita 15 kwa saa, sekunde 5 za kutazama simu ni mita 20 za kwenda bila kuona. Na mkono ulioshika simu hauwezi kushika breki. Ukibana breki ya mbele peke yake kwa nguvu unaweza kupinduka, na ya nyuma peke yake inachelewa kusimamisha, hasa ukiwa na mzigo au rimu zikiwa zimelowa.

Chagua stesheni kabla ya kupanda. Simu ikiita, toka barabarani, shuka, ongea, kisha endelea. Aliyekupigia atasubiri dakika moja.

Nchi nyingine zinasemaje?

Nchi hazikubaliani. Ufaransa, tangu Julai 2015, imepiga marufuku hedifoni masikioni kwa waendesha vyombo wote, baiskeli zikiwemo, na faini yake ni euro 135. Katika jimbo la California, Marekani, huruhusiwi kuziba masikio yote mawili, lakini moja unaruhusiwa. Uholanzi haikukataza muziki, ila tangu Julai 2019 imekataza kushika simu mkononi ukiwa juu ya baiskeli. Uingereza haina sheria inayokataza hedifoni kwa waendesha baiskeli.

Wanatofautiana juu ya sheria, lakini wazo la nyuma yake ni moja: mwenye chombo barabarani anatakiwa awe na uwezo wa kuona na kusikia yanayomzunguka.

Maswali mawili ya haki

La kwanza: dereva wa gari anasikiliza redio, tena kwa sauti kubwa, mbona haambiwi? Anapaswa kuambiwa pia. Muziki mkubwa ndani ya gari unamzuia kusikia honi na kengele. Lakini tofauti ipo. Dereva ana vioo, ana mkanda, na amezungukwa na chuma. Akikosea, gari linabonyea. Wewe ukikosewa, mwili wako ndio unaopokea.

La pili: mbona kuna watu viziwi wanaoendesha baiskeli miaka yote na hawapati ajali? Ni kweli wapo, na wana la kutufundisha. Asiyesikia amejizoeza kutumia macho. Anageuza shingo mara kwa mara, hahami upande bila kutazama nyuma, na wengine wamefunga kioo. Mwenye hedifoni amejiondolea masikio, lakini hakujiongezea macho. Bado anaendesha kama mtu anayesikia.

Tena, hata mwenye masikio mazima asiyategemee peke yake. Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana katika miji kama Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, na hazingurumi kama tulivyozoea. Umoja wa Ulaya, tangu 2019, unataka aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti ya kutengenezwa zinapokwenda polepole, kwa sababu watu walikuwa hawazisikii. Kwa hiyo geuza shingo kila mara kabla ya kuhama upande, hata kama husikii kitu.

Na masikio yenyewe

Kuna madhara ambayo hayaji siku moja. Sauti kubwa ikiingia sikioni kila siku kwa muda mrefu huua chembe ndogo za ndani zinazotuwezesha kusikia, na zikishakufa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Ushauri rahisi ni kutozidisha asilimia 60 ya sauti ya simu yako. Kama simu ina vistari kumi vya sauti, ishia cha sita. Ukishuka kwenye baiskeli ukasikia mlio wa "ziii" masikioni, ujue umezidisha.

Ombi kwa madereva

Barabara ni ya wote. Dereva, ukimwona mwendesha baiskeli mbele yako, usichukulie kwamba amekusikia. Piga honi fupi ukiwa bado mbali, si ukiwa mgongoni mwake. Kama hageuzi shingo wala hasogei, jua kwamba hakusikii: punguza mwendo, na umpite kwa kumwachia nafasi, angalau mita moja na nusu. Kama gari linakuja mbele na nafasi haipo, subiri nyuma yake. Huyo anayepeleka maziwa ana watu wanaomngoja nyumbani.

Kabla hujapanda baiskeli

Kwa kifupi, mambo ya kukumbuka ni haya:

1. Chagua stesheni au nyimbo kabla ya kuondoka, kisha simu iingie mfukoni.
2. Tumia redio au spika iliyofungwa vizuri kwenye usukani kuliko hedifoni.
3. Sauti iwe ya kukuwezesha kusikia salamu na kuiitikia.
4. Zima kabisa unapokaribia lami, njia panda, reli, daraja jembamba, sokoni na shuleni. Zima pia mvua ikinyesha, giza likiingia na unapompakia mtoto.
5. Funga kioo kidogo upande wa katikati ya barabara. Hata cha pikipiki iliyokufa kinafaa.
6. Usiku washa taa nyeupe mbele, weka taa nyekundu au kiakisi mwanga nyuma, na vaa nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa.
7. Kagua breki zote mbili na kengele kabla ya safari.

Mzazi mwenye mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli, zungumza naye leo jioni. Usimnyang'anye hedifoni bila maelezo, kwa maana atazivaa akishapita kona. Mfanyieni pamoja ile hesabu ya sekunde 11 na sekunde 2. Kisha mwambie azivae, apite mbele ya nyumba na baiskeli yake, na wewe umwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, atakuwa amejionea mwenyewe.

Kipindi chako kikiwa kinaanza na wewe uko kwenye lami, zima redio. Taarifa ya habari itarudiwa, na wimbo utapigwa tena. Tutakungoja ufike.